Risiti ya Duka Lako Isiishie Kwenye Taka

Hamjambo, karibuni. Leo niko Kisumu, na kwenye skrini hii nimefungua duka la mtandaoni la mama mmoja wa Dunga anayeuza vikapu vilivyosukwa kwa gugumaji la ziwani. Wiki iliyopita mteja wake wa Nakuru alinunua kikapu, akalipa kwa M-Pesa, na ujumbe wa M-Pesa ukaingia papo hapo. Risiti ya duka, inayotumwa kwa barua pepe, hakuiona. Akangoja hadi jioni, kisha akapiga simu: “Mama, nimetapeliwa?” Kumbe risiti ilifika dakika ileile, ila ilitupwa kwenye folda ya taka. Mtu anayekutumia pesa kabla hajakishika kikapu amekuamini sana, kwa hivyo kazi hii tuifanye hadi mwisho.

Kabla ya kugusa chochote, tupime. Agiza kitu kwenye duka lako mwenyewe kwa anwani ya Gmail. Barua ikija, hata kama iko takani, ifungue kwenye kompyuta, maana programu ya simu haina sehemu ninayotaka kukuonyesha. Bonyeza vile vidoti vitatu juu ya barua, upande wa kulia, uchague kuonyesha barua asili. Ukurasa mpya unafunguka. Tazameni hapa juu: SPF, DKIM na DMARC, vipimo vitatu vya kuthibitisha mtumaji, kila kilichopo na jibu lake. PASS ni kufaulu, FAIL ni kuanguka. Kwa duka hili SPF inasema SOFTFAIL, yaani mtumaji huyu hatambuliki vizuri. DMARC inasema FAIL. DKIM haipo hata kwa jina.

Sababu ya kwanza naiona kwenye jina la mtumaji: duka linatumia anwani inayoishia gmail.com. Seva ya duka si ya Google, kwa hivyo kila barua inayotoka pale inaonekana kama ya mtu anayejifanya Gmail. Nunua domeni yako, yaani jina la duka lako mtandaoni. Zile za .co.ke zinasimamiwa na KeNIC, na zinauzwa na kampuni zilizosajiliwa nao. Ukishaipata, fungua anwani ya oda yenye jina la duka lako, uiweke kwenye mipangilio ya duka kuwa ndiyo ya mtumaji.

Kama duka lako ni WooCommerce juu ya WordPress, kuna jambo jingine. Usipolielekeza, linatuma barua moja kwa moja kutoka kwenye seva bila kuingia kwenye akaunti yoyote ya barua. Weka programu-jalizi ya SMTP, yaani njia ya kutuma barua kupitia akaunti halisi, ujaze seva ya kampuni inayobeba barua zako, poti (namba ya mlango) 587 yenye TLS, ulinzi wa barua ikiwa njiani, anwani na nenosiri. Hifadhi. Tuma barua ya majaribio. Imeenda? Tuendelee.

Sasa SPF, na hapa naomba tutulie. Ingia kwenye akaunti uliyonunulia domeni, fungua sehemu ya DNS, yaani rekodi za domeni yako ambazo seva nyingine husoma. Wakala wa M-Pesa anapokuomba kitambulisho kabla ya kukupa pesa, anataka kuhakikisha kwamba jina na mtu ni kitu kimoja. Gmail nayo huuliza hivyo: seva hii iliyoleta barua, mwenye domeni anaitambua? Jibu lako ndilo SPF, orodha ya seva ulizoziruhusu kutuma kwa jina lako. Ongeza rekodi ya aina ya TXT, kwenye jina weka alama ya @, na kwa anayetumia huduma ya barua ya Google, maandishi ni haya:

v=spf1 include:_spf.google.com ~all

Ukitumia kampuni nyingine, sehemu ya include inabadilika. Inakili kutoka kwenye maelekezo yao, usikisie.

Na rekodi ya SPF ni moja tu kwa kila domeni. Mimi niliwahi kuongeza ya pili chini ya ya kwanza, nikidhani nazidisha usalama. Zote mbili zikawa batili, na kwa siku tatu risiti za mteja wangu zikaendelea kupotea. Iliniuma, kwa sababu zilikuwa pesa za watu. Ukiwa na watumaji wawili, include zote zikae kwenye mstari mmoja, kabla ya ~all. Pia usizirundike: SPF inayodai DNS itafutwe zaidi ya mara 10 haikubaliki.

DKIM ni nyepesi. Ni muhuri unaoonyesha barua haikuchezewa njiani. Kampuni ya barua inakutengenezea ufunguo, wewe unaubandika kwenye DNS kama ulivyo, kisha unarudi kwao kuuwasha. Wengi husahau kurudi kuuwasha.

DMARC ni agizo lako kwa wapokeaji kuhusu barua zinazoanguka vipimo. Nayo ni TXT, jina lake _dmarc. Anza hivi, none ikimaanisha wasizuie kitu: v=DMARC1; p=none; halafu rua=mailto: na anwani yako ya kupokea ripoti. Soma ripoti kwa wiki chache. Ukiona barua zako zote halali zinafaulu, badilisha none iwe quarantine, yaani zinazoanguka zipelekwe takani. Kumbuka DMARC inataka domeni iliyofaulu kwenye SPF au DKIM iwe ileile mteja anayoiona kwa mtumaji.

Tangu Februari 2024, Google inamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwa akaunti za Gmail lazima awe na zote tatu, na barua zake za matangazo ziwe na njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja. Duka dogo halifikishi idadi hiyo, lakini weka zote.

Kuna kosa ambalo DNS haiwezi kulirekebisha: kuwatumia ofa watu ambao hawakuomba. Google inataka malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3, na inashauri yawe chini ya 0.1. Kwa barua elfu moja, wateja watatu wakikuripoti umeshafika mpaka. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inataka idhini. Kununua oda moja si kuomba ofa kila Ijumaa. Weka kisanduku cha idhini kwenye ukurasa wa malipo, na ukiache bila tiki. Mteja aweke mwenyewe.

DNS huchukua dakika chache, wakati mwingine hadi saa 48. Sisi tulingoja hadi asubuhi. Tunaagiza tena, tunafungua barua asili: PASS, PASS, PASS, na barua iko kwenye kikasha. Sasa mama yuko kwenye simu na mteja wa Nakuru. Anamwambia afungue folda ya taka, aifungue ile risiti ya kwanza, abonyeze kwamba hii si taka. Ameiona. Anamsomea mama namba ya oda na jina la gari lililobeba kikapu.