Kabla ya Kuzima Huduma, Angalia Nani Anaisubiri

Ndugu zangu, karibuni, hasa ninyi mliotoka mtaa wa Kadutu na mvua hii. Hapa Bukavu umeme hukatika kazi ikiwa bado mezani, kwa hiyo mashini zetu huzimika na kuwashwa kila mara. Mwenye kibanda cha fotokopi anajua inavyouma: mteja ameshika flashi mkononi, skrini bado nyeusi, mara anavuka barabara kwenda kwa jirani. Leo tuone jinsi ya kuifanya mashini iwake haraka.

Kwenye Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, keneli (kiini cha mfumo) ikishapakiwa huanzisha programu moja, yenye namba 1, nayo ndiyo huanzisha huduma, yaani programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia. Zamani skripti, yaani mafaili ya amri za kuanzisha huduma, zilikwenda kwa foleni, moja baada ya nyingine. Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers wakaleta systemd kushika nafasi hiyo ya namba 1. Kati ya matoleo ya Linux, Fedora ikaipokea 2011, Debian na Ubuntu 2015. Ugomvi uliozuka juu yake siugusi, tutalala hapa.

Systemd huanzisha huduma nyingi kwa pamoja, na hapo ndipo watu wengi wanapotea. Unaandika `systemd-analyze blame`, unaona huduma ya juu imetumia sekunde 20, unakimbilia kuizima. Ngoja kwanza! Huenda ilikuwa ikifanya kazi yake pembeni na hakuna aliyeisubiri. Andika `systemd-analyze critical-chain`, ndiyo itakuonyesha ipi ilisubiri ipi. Mara nyingi utakutana na NetworkManager-wait-online.service, inayozuia nyingine mpaka mtandao upatikane. Laptopu ya kawaida haiihitaji sana:

`sudo systemctl disable NetworkManager-wait-online.service`

Lakini kama mashini yako huchukua mafaili kwenye seva inapowaka, iache ilivyo.

Halafu, `disable` haisimamishi huduma inayoendelea sasa hivi. Inaondoa tu kiungo kinachoifanya ianze mashini ikiwaka. Ukitaka yote mawili, ongeza `--now`. Na usishangae ukizima cups, ya printa, kisha ukaikuta hai: cups.socket, mlango wake wa kupokea maombi, iko macho, ombi likifika inaiamsha. Zima na hiyo pia. Ipo pia amri ya `mask`, inayoelekeza huduma kwenye /dev/null, faili maalumu lisilo na kitu ndani. Hapo hata root, msimamizi mkuu wa mashini, haianzishi mpaka afanye `unmask`. Mimi siipendi kwenye mashini ya watu wengi, maana atakayekuja baada yako atahangaika siku nzima kutafuta kwa nini huduma inagoma.

Kijana wa pale mbele ameuliza kama azime na systemd-journald ili mashini iwe nyepesi. Hapana, mdogo wangu. Hiyo ndiyo inayoandika yaliyotokea. Tena hakikisha saraka /var/log/journal ipo, kwa sababu kwenye mashini nyingi, isipokuwepo, kumbukumbu zinakaa kwenye RAM na umeme ukienda zinakwenda nao. Ikiwepo, mashini ikirudi unaandika `journalctl -b -1` na unasoma ilichokuwa ikifanya kabla ya kuzimika.