Rangi Chini, Penseli Juu

ZUHURA: Karibu tena, msikilizaji. Leo tunapaka rangi mchoro wa penseli uliokwisha kuskaniwa. Kaka Baraka, mimi nina msimamo mmoja na nitautetea hadi mwisho: penseli isiuawe. Zile chembechembe za kijivu, pale mkono ulipokaza na pale ulipolegea, ndizo mchoro wenyewe.

BARAKA: Ila wengi huanzia hapohapo kuziua, dada. Wanataka mistari iwe myeusi ti kama ya wino.

ZUHURA: Na uhai wa mchoro unaondoka. Tuanzie kwenye skana. Skani kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, au zaidi, uhifadhi kwa TIFF au PNG. JPEG hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa taarifa, na uchafu wake hujikusanya kandokando ya mistari.

BARAKA: Wapo wanaokimbilia 600. Kwa A4 hiyo ni kama pikseli 4,960 kwa 7,016. Rundika hapo leya kadhaa, yaani matabaka ya picha yanayolaliana, kompyuta yenye kumbukumbu ndogo inahema.

ZUHURA: Kama haimudu, 300 inatosha kuchapa kwa ukubwa uleule wa karatasi.

BARAKA: Haya, picha imefunguliwa kwenye Krita au GIMP, programu za kuchora na kuhariri picha, zote za bure. Ukipaka rangi juu, mistari inafunikwa. Ukiweka leya ya rangi chini, karatasi nyeupe inaificha. Inakuwaje?

ZUHURA: Leya ya penseli inakaa juu, na kwenye orodha ya namna za kuchanganya leya unachagua Maltiplai.

BARAKA: Tusimame hapo, maana watu huambiwa “chagua” bila kuelezwa kinachotokea. Kila pikseli ina thamani kati ya 0 na 255. Programu inachukua thamani ya pikseli ya juu, inaizidisha na ya chini, kisha inagawanya kwa 255. Nyeupe ni 255, kwa hiyo rangi ya chini inabaki ilivyo. Nyeusi ni 0, na jibu ni 0. Kijivu cha 128 juu ya rangi ya 200 kinatoa 100 hivi.

ZUHURA: Hicho kijivu cha katikati ndicho ninachokipenda! Kivuli ulichokipaka kwa ubavu wa penseli kinakuwa kivuli cha ngozi, cha nguo, cha jani, bila kukigusa tena.

BARAKA: Lakini karatasi iliyoskaniwa ni nadra kuwa 255. Ikiwa 240, ile 200 inashuka hadi 188, tena ukurasa mzima. Mtu anaona rangi zimepooza, anabadilisha rangi, kumbe tatizo ni karatasi.

ZUHURA: Ndiyo maana kabla ya yote unarekebisha kiwango cha weupe mpaka karatasi iwe nyeupe pe, uishie hapo. Jicho likae kwenye mstari uliofifia kuliko yote, labda kope au mkunjo wa nguo. Ukianza kupotea, rudi nyuma. Madoa yatakayobaki yafute kwa brashi nyeupe, moja moja. Na fanyia haya kwenye nakala ya leya. Ya awali ifiche, isiguswe.

BARAKA: Sasa rangi. Mimi naweka kila kitu na leya yake: ngozi, nywele, nguo, mandhari. Ila ndoo ya rangi, ile zana ya kujaza eneo kwa mbofyo mmoja, hainifai hapa, inavuja kila mahali.

ZUHURA: Penseli haifungi maumbo. Zungushia eneo kwa mkono kisha lijaze, na ukingo wa rangi uingie chini ya mstari, la sivyo utaacha uzi mweupe pembeni. Krita ina kinyago cha kupaka rangi: unachora vistari vichache, inajaza yenyewe hata penye mapengo. Matokeo yake utayasafisha kidogo.

BARAKA: Kisha funga uwazi wa leya, brashi isitoke nje ya palipopakwa. Vivuli navipa leya yao, nayo Maltiplai, kwa zambarau hafifu.

ZUHURA: Taratibu hapo, kaka. Penseli tayari ina vivuli. Ukiongeza vingine juu yake unapata tope. Paka kivuli pale tu penseli ilipokaa kimya.

BARAKA: Nakubali. Na anayetaka mistari ya kahawia badala ya kijivu?

ZUHURA: GIMP ina amri ya kugeuza rangi kuwa uwazi. Iambie iondoe nyeupe. Inabaki penseli peke yake, kijivu chake kikiwa na uwazi wa kiasi. Rudisha leya kwenye hali ya kawaida, funga uwazi wake, upake kahawia. Kwa nyuso napendelea hivyo, mistari ya midomo na macho inalainika.

BARAKA: Kuhifadhi je?

ZUHURA: Faili ya kazi iwe XCF, KRA au PSD, leya zote zibaki. PNG au JPEG ni ya kutuma tu, maana humo leya zimekwisha kuunganishwa na huwezi kuzitenganisha tena.