Mji Ndio Uliohamia Manyatta

Mabibi na mabwana, sitarudia habari za reli kufika Port Florence, jina la zamani la Kisumu, mwaka 1901, kwa kuwa kila mtoto wa Kisumu amefundishwa hayo darasani. Wala sitakaa sana juu ya mwaka 1902, eneo hili lilipotolewa Uganda na kutiwa chini ya himaya ya Afrika Mashariki. Wamisionari wa Mill Hill walifungua misheni yao hapa mwaka 1903, Kisumu ikawa jimbo la Kanisa Katoliki mwaka 1953 na jimbo kuu mwaka 1990, na leo kanisa kuu la Mtakatifu Theresa liko Kibuye, jirani na soko. Swali langu ni hili: watu waliolijaza kanisa hilo na soko hilo walikuwa wakilala wapi? Wanaonifahamu wanajua nimelisema jambo hili mara nyingi, nami nitaendelea kulisema mpaka lisikike.

Katika mikutano ya mipango ya jiji, mitaa yetu ya Manyatta, Nyalenda na Obunga hutajwa kana kwamba ni mitaa ya wavamizi wa ardhi. Si kweli hata kidogo. Mji wa kikoloni ulijengwa kwa ajili ya maofisa, wafanyabiashara wa Kihindi na watumishi wachache wa serikali na reli. Nje ya mpaka wake zilibaki koo za Wajaluo katika ardhi ya babu zao, na kibarua aliyekosa nyumba mjini alivuka mpaka huo akapanga chumba katika boma la mwenyeji. Mapema miaka ya 1970 mpaka ukasogezwa, na familia ambazo hazikuhama hata hatua moja zikajikuta ndani ya manispaa.

Ingieni katika boma la wenyeji pale Manyatta. Mtaikuta nyumba ya mwenye boma, na ubavuni mwake kaburi la babu lililosakafiwa kwa saruji, kisha safu za vyumba vya kupangisha vya udongo na mabati, mlango ukitazama mlango, na kamba ya nguo za wapangaji ikipita kando ya kaburi lile lile. Mvamizi gani huyo aliyemzika babu yake uani, na ambaye hati ya kiwanja ina jina la baba yake?

Najua atainuka mtu aulize: ikiwa ardhi ni yao, mbona hawakuacha njia za magari? Nami nitamuuliza ni nani aliyewapelekea ramani wakati ilipohitajika. Mzee mwenye eka mbili na wana watano huwagawia wanawe. Hapimi upana wa gari la zimamoto, kwa sababu kupima huko ni kazi ya halmashauri. Mabwawa ya kusafishia majitaka yako Nyalenda, ilhali nyumba nyingi za Nyalenda hazina bomba la kuyafikia mabwawa hayo, na wanaolaumiwa kwa uchafu ni wakazi! Wengine hutuletea dawa za Kibera ya Nairobi, wakisahau kwamba sehemu kubwa ya Kibera imesimama juu ya ardhi ya serikali. Hapa kila futi ya barabara ina mwenyewe, na hakuna njia ya mkato: jiji lina wajibu wa kuketi na kila familia na kukubaliana fidia kabla mchoro haujapitishwa.

Nilikusudia kueleza jinsi bandari ilivyodorora baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, kisha gugumaji, kisha ukarabati wa miaka ya karibuni, lakini muda umekwisha. Nitagusa moja tu. Wauza samaki wa ufuko wa Lwang'ni waliobomolewa vibanda vyao kando ya ziwa walikuwa juu ya ardhi ya reli, na madai yao, ambayo ni ya haki, yanahitaji jibu la namna nyingine. Atakayeyachanganya na ya Manyatta ili tingatinga lipite kotekote kwa amri moja, nitampinga katika kila kikao nitakachoruhusiwa kusema.