Uzi wa Zari Kwenye Fimbo ya Kuvulia: Ufungaji wa Pete na Mapambo Yake

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu wa baharini, mafundi wenzangu na mama zetu washonaji mliokubali mwaliko huu, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nieleze namna ya kuzungushia uzi wa zari kwenye fimbo za kuvulia zinazotengenezwa kwa oda, nami nitajitahidi kubaki humo humo, kwa sababu kazi hii ina mambo ambayo fundi asipoyajua mapema huja kuyajua wakati fimbo imekwisha kufika mikononi mwa mteja.

Hapa Tanga wengi wetu tumelelewa na mshipi wa mkono. Mvuvi wa Sahare au Mwambani huushusha mshipi wake, akausikiliza kwa kidole, na fimbo hana haja nayo. Fimbo wanazitumia zaidi watu wa boti zinazokwenda kuburuta chambo kwenye mkondo wa Pemba wakitafuta nguru, jodari na nduwaro, pamoja na wale wanaorusha chambo cha bandia kwenye miamba kutafuta kolekole. Fimbo hizo hupigwa na jua, hulowa maji ya chumvi, hugongwa kwenye ubavu wa boti, na mara nyingi kinachoharibika kwanza ni zile pete za kupitishia mshipi, wakati ufito wenyewe, yaani mwili wa fimbo, bado ni mzima kabisa. Ndiyo maana naamini kwamba anayejua kufunga pete vizuri katika mji huu hatakosa kazi.

Pete ya fimbo ina kiunzi cha chuma cha pua, ndani yake duara la kauri, na chini ina mguu mmoja au miwili iliyo bapa. Haipigwi msumari wala haichomelewi. Mguu hulazwa juu ya ufito, ukazungushiwa uzi kuanzia nje ya ncha ya mguu, uzi ukapanda juu ya mguu mpaka karibu na kiunzi, kisha vyote vikafunikwa kwa epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayoganda ikawa ngumu. Uzi unaotumika ni wa naironi, mwembamba kwa fimbo nyepesi na mnene kwa fimbo za kuburuta. Zamani, fimbo zilipotengenezwa kwa vipande vya mwanzi vilivyochongwa na kugandishwa pamoja, uzi ulikuwa wa hariri na juu yake hupakwa vanishi. Vifaa vimebadilika, lakini kazi ya uzi ni ileile: kuushika mguu wa pete pale samaki anapovuta.

Sasa tuje kwenye zari. Ile ya zamani, iliyotumika kupambia majoho, ilikuwa waya mwembamba wa fedha, mara nyingi uliopakwa dhahabu, ukafuliwa hadi ukawa bapa na kuzungushwa juu ya uzi wa hariri. Tunayoinunua leo ina umbo hilohilo, ila ndani ina kiini cha naironi au polista, na juu ya kiini umezungushwa utepe mwembamba mno wa plastiki uliopakwa aluminiamu. Rangi ya dhahabu tunayoiona ni rangi ya manjano iliyowekwa juu ya aluminiamu, na rangi za shaba, bluu na nyekundu hupatikana kwa njia hiyohiyo.

Muundo huo ndio unaoamua karibu kila jambo nitakalolisema. Kiini huvutika kidogo, utepe hauvutiki sana. Kwa hiyo ukiukaza uzi kupita kiasi utepe huachana, na katikati ya mng'ao huonekana mistari myeupe ya kiini ambayo hakuna dawa ya kuirudisha. Utepe ni mtelezo, kwa hiyo uzi huu haung'ang'anii ufito kama naironi. Na aluminiamu ikifikiwa na maji ya chumvi huliwa, ikabaki plastiki iliyofifia. Kutokana na hayo natoa kanuni ambayo ninaishikilia bila kulegeza: zari haibebi mzigo. Usiifunge pete kwa zari peke yake, hata mteja akikuahidi bei nzuri, hata akikuonyesha picha ya fimbo inayomeremeta tangu kitako hadi ncha. Pete ifungwe kwa naironi, na zari iwe mkanda mwembamba pembeni, nje ya ncha ya mguu, mahali ambapo hata ikikatika leo pete haitasogea.

Wapo mafundi wanaoweka mkanda pande zote mbili, mmoja nje ya mguu na mwingine karibu na kiunzi. Mimi nauweka upande wa nje tu. Karibu na kiunzi ndipo mguu unapopindwa zaidi samaki akivuta, epoksi ya hapo ndiyo inayoanza kupata nyufa, na sioni sababu ya kuipeleka zari mahali hapo ikafikiwe na chumvi mapema.

Kabla ya uzi wowote kuguswa, mguu wa pete unatakiwa kupigwa tupa. Miguu mingi hutoka kiwandani ikiwa na ncha butu, na uzi unapofika hapo hukutana na kizingiti, ukaruka na kuacha pengo. Piga tupa mpaka ncha iwe na mteremko laini, pitisha msasa mwembamba, kisha futa kwa spiriti. Usiifanye kali kama kisu, kwani itakuja kuukata ufito. Kwa fimbo nzito za kuburuta tunatanguliza tabaka moja la uzi chini ya pete, ili chuma kikae juu ya uzi na kisiutafune ufito wa kaboni au wa nyuzi za kioo.

Meza ya kufungia haihitaji mashine. Chukua boksi la mbao, kata mabonde mawili yenye umbo la V ya kulazia ufito, weka roli la uzi ndani ya bakuli ili lisikimbie, na upitishe uzi katikati ya kurasa za kitabu kizito kilichofungwa. Kitabu hicho ndicho kitakachokupa mkazo. Ukitaka uzi ukaze zaidi, ongeza uzito juu yake. Kwa naironi mkazo uwe wa kutosha kiasi kwamba ukimaliza kufunga bado unaweza kuisukuma pete kwa dole gumba, kwa nguvu, ikasogea kidogo ili uinyooshe sambamba na wenzake. Kwa zari punguza uzito ule. Usikisie kwa macho: fungia mizunguko michache kwenye kipande cha ufito uliovunjika, ukichunguze mwangani, na kama hakuna mistari myeupe mkazo umekaa sawa.

Kuna njia mbili za kuweka mkanda. Ya kwanza ni kumaliza mfungo wa naironi, kisha kuanza mkanda wa zari kando yake. Ni rahisi kuieleza lakini ni ngumu kuitenda, kwa sababu mkanda una mizunguko mitano tu, na ndani ya mizunguko hiyo mitano unatakiwa uufiche mwanzo wa uzi na mwisho wake pia. Weka kitanzi cha kuvutia, yaani kipande cha uzi mwembamba imara kilichokunjwa mara mbili, tangu mzunguko wa kwanza. Zungusha mitano, shika kwa kidole, kata zari ukibakiza ncha ndefu kama kidole, ipitishe kwenye kitanzi, kisha vuta kitanzi polepole mpaka ncha ipite chini ya mizunguko yote na kutokea upande wa pili. Hapo ndipo wengi wanapoharibu, kwa kuwa utepe hukwaruzika unapopita chini ya wenzake. Paka nta kidogo kwenye kitanzi, vuta sambamba na ufito, na usivute kwa kushtua.

Njia ya pili ndiyo ninayoifundisha. Hapa mkanda unazaliwa ndani ya mfungo wenyewe. Unaanza kuzungusha naironi kutoka nje kabisa, na baada ya mizunguko michache unailaza ncha ya zari juu ya ufito ili naironi iifunike kwa mizunguko minane au kumi. Ukifika mahali pa mkanda, mambo yanageuka: naironi unailaza ikifuata urefu wa ufito, na zari ndiyo inayozunguka juu yake mara tano. Kisha zari inalazwa, naironi inainuka tena na kuifunika kwa mizunguko mingine minane au kumi, ndipo unaikata zari iliyobaki na kuendelea kupanda mguu wa pete. Hakuna kitanzi cha kuvutwa chini ya zari, hakuna ncha inayochungulia, na naironi haijakatwa popote, imepita chini ya mkanda kwa kipande kifupi tu. Mabadilishano hayo mawili yafanyike upande ambao mvuvi hauoni anapovua. Kwa fimbo ambayo pete zake huelekea juu, kama zile za kuburuta, upande huo ni wa chini. Kwa ile ambayo pete huning'inia chini ya ufito, ni upande uleule wa pete.

Mama zetu mnaodarizi kofia mtaiona mantiki hii mara moja, kwani ninyi mmezoea kuuficha uzi upande wa ndani kabla hamjaruhusu jicho la mtu lifike hapo.

Kuhusu kukata: tumia wembe mpya, na ukishakata mara kumi hivi utupe uchukue mwingine. Wembe butu hauikati zari, huusukuma utepe ukajikunja na kuacha kichwa kidogo kigumu, ambacho kitatokeza juu ya epoksi kama mwiba na kumkwaruza mvuvi kidole. Vuta ncha kwa nguvu kidogo unapokata, ili kilichobaki kirudi chini ya uzi chenyewe. Manyoya madogo ya naironi tunayachoma kwa moto wa taa ya spiriti tukipitisha haraka. Zari usiichome, utepe wake hunyauka mara moja.

Idadi ya mizunguko ni suala la ladha, nami sitagombana na mtu, ingawa mitano kwangu inatosha. Kuhusu rangi nitasema moja tu ambalo linahusu ufundi: naironi ya kawaida ikipakwa epoksi moja kwa moja huwa nyeusi zaidi na kuonyesha ufito ulio chini yake, isipokuwa imetanguliziwa dawa ya kuhifadhi rangi. Zari haibadiliki, kwani mwanga haupenyi aluminiamu. Kwa hiyo usichague rangi ukiwa unaangalia maroli dukani. Fungia kipande, kipake epoksi, kikauke, ndipo umwonyeshe mteja.

Nimebakiza epoksi, na hapa hali ya hewa yetu inatudai umakini wa pekee. Epoksi ya fimbo ina sehemu mbili zinazochanganywa kwa ujazo sawasawa. Pima kwa mabomba mawili ya sindano, kila sehemu na bomba lake, na uchague yale yasiyopakwa silikoni ndani, kwa maana silikoni kidogo tu huifanya epoksi ikimbie na kuacha vishimo. Mchanganyiko huu hutoa joto wenyewe unapoanza kuganda, na kadiri unavyorundikana ndivyo unavyopata moto haraka zaidi. Katika joto la Kaskazi, ukiuacha ndani ya kikombe utaganda ungali unapaka pete ya tatu. Mimina kwenye kipande bapa cha foili, usambae. Joto litapotea na viputo vingi vitapasuka vyenyewe. Wakati wa masika, unyevu hewani huweza kuacha ukungu mweupe wenye mafuta juu ya epoksi, basi paka mchana jua likiwa limekausha chumba, na usifungue dirisha usiku ule.

Mkono wa kwanza uwe mwembamba sana. Zari ina vijishimo pale utepe unapopishana, na hewa iliyomo hutoka taratibu. Ukimwaga epoksi nzito mara moja unaifungia humo, na viputo vitaonekana juu ya mng'ao kuliko mahali pengine popote. Paka, subiri dakika chache, pitisha moto mdogo wa spiriti chini yake bila kusimama, kisha ondoa epoksi iliyoning'inia. Fimbo izungushwe na mota ndogo, kati ya mizunguko 6 na 18 kwa dakika, mpaka epoksi isiweze tena kutiririka, jambo ambalo huchukua saa kadhaa. Siku inayofuata paka mkono wa pili, na katika mikono yote miwili epoksi ivuke ukingo wa mkanda kwa milimita moja au mbili na kushika ufito mtupu. Ukingo huo ndio mlango wa chumvi. Fundi anayeishia palepale uzi unapoishia, akiogopa kuchafua, ameiacha aluminiamu wazi, na baada ya msimu mmoja mkanda utaanza kuwa kijivu kutoka pembeni.

Fimbo isishuke baharini kwa siku kadhaa baada ya hapo, hata kama kwa kugusa inaonekana imekauka, kwa sababu ugumu kamili huja baadaye kuliko ukavu. Mteja akiharakisha, mwelezeni kwa adabu na msikubali.

Nimeleta ufito uliovunjika, maroli mawili ya zari na nyembe za kutosha. Walio na fimbo zenye pete zilizolegea wazilete mezani, tuanze na ile yenye pete moja tu ya kufunga, ili kila mmoja apate kuzungusha mkanda wake kabla ya adhuhuri.