Bibi Titi, Rufiji na Ile Miaka Inayorukwa

MWANA: Haya, karibuni tena. Leo hatuna mgeni, tuko wawili tu, mimi na Kaka Sele. Mvua inapiga bati huko nje, mkiisikia mtuvumilie.

SELE: Mimi imenikuta Maktaba Kuu. Nimejibanza barazani nusu saa nzima. Anakuja bodaboda: "Bosi, twende, ila nitazunguka, Bibi Titi yote maji." Nikacheka peke yangu. Mtu alikuwa mbunge, sasa ni barabara iliyojaa maji.

MWANA: Basi huyohuyo ndiye wetu wa leo. Marehemu Bibi Titi Mohamed, kazaliwa hapahapa Dar mwaka 1926, kafariki Johannesburg Novemba 2000. Na mimi nina ugomvi, nautoa mapema: kila tunapomuenzi tunasimulia 1955 weee, tukimaliza tunarukia jina la barabara.

SELE: Sawa, lakini hiyo 1955 nayo usiipite mbio, dada. Kuna vijana wanatusikiliza hapa, lelemama hawaijui.

MWANA: Ngoma ya wanawake wa mjini. Mnashona sare, mnajipanga mstari, mikono inakwenda taratibu kwa maringo. Ila ukiingia ndani unakuta chama kamili: vyeo, michango ya harusi na misiba, na ushindani wa kufa mtu. Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa kundi la Bomba. Sasa mwaka ule akaja mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akawauliza wazee wa TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru: wanawake wenu wako wapi?

SELE: (Anacheka) Wake zao wote wako ndani!

MWANA: Wako ndani, nani awatoe? Ikabidi mwana-TANU mmoja, Schneider Plantan, aende kwa Boi Selemani, mumewe Bibi Titi, kumwombea ruhusa. Kadi yake ilikuwa namba 16. Alipokabidhiwa kazi ya kuwaandikisha wanawake hakuanza kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Aliwaita viongozi wa vikundi vya ngoma. Ukishampata kiongozi mmoja, umepata kundi zima, na sare yao juu. Kufika Oktoba, wanawake 5,000 wameshajiandikisha.

SELE: Na Nyerere mwaka huohuo ndiyo kwanza ameacha ualimu kule Pugu. Ule umati wa mikutano yake ya Mnazi Mmoja haukujileta wenyewe.

MWANA: Haukujileta. Bibi yangu mzaa mama alikuwemo, alikuwa akikaa Gerezani. Anasema bangili zake mbili ziliingia TANU na hazikurudi. Hakuwahi kulalamika, ila kila ukimpeleka harusini lazima azitaje.

SELE: Haya, uhuru ukaja. Akawa mbunge wa Rufiji, waziri mdogo, na UWT, umoja wa wanawake, ilipoundwa 1962 akawa mwenyekiti wa kwanza. Tufike 1965, maana hapo mimi na wewe hatuelewani.

MWANA: Hatuelewani kabisa.

SELE: Uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja. Karibu kila jimbo wagombea wawili, wote TANU, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Bibi Titi akaanguka Rufiji. Watu wakihadithia utasikia "wananchi hawana shukrani." Mimi nakataa. Jimbo si nishani. Mtu ana wanawake wa nchi nzima mgongoni, ana wizara, ana safari, huku kijijini anaonekana lini? Na hakuanguka peke yake. Paul Bomani alikuwa waziri wa fedha, naye alikwenda na maji.

MWANA: Nakubali nusu. Wapiga kura walikuwa na haki yao. Kinachoniuma ni kwamba aliposhindwa, ikawa kama ametoka na mlango umefungwa. Halafu 1967 likaja Azimio la Arusha: kiongozi hapangishi nyumba. Yeye alikuwa nazo, akaacha nafasi yake kwenye uongozi wa chama.

SELE: Hapo wengi wanasema alipenda mali.

MWANA: Kaka, wewe umelelewa Ilala, unaijua nyumba ya Kiswahili. Vyumba sita, ukumbi katikati, uani choo na bomba. Kwa mwanamke wa mjini hiyo ndiyo pensheni yake, na siku akipewa talaka hapo ndipo pa kukimbilia. Mimi Azimio naliheshimu, sana tu. Lakini waliolitunga hawakuwa na hofu ya talaka.

SELE: (Kimya kidogo) Hiyo sikuwahi kuifikiria hivyo.

MWANA: 1969 akakamatwa, yeye na Michael Kamaliza aliyekuwa waziri, na wengine, baadhi wanajeshi. Kesi ya uhaini. Akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 Nyerere akamtoa kwa msamaha. Uhaini wenyewe sitauhukumu hapa, mimi si jaji. Nasema tu, huwezi kumuenzi mtu kwa kumkata vipande, ukachukua sauti ya jukwaani na gereza ukaliacha.

SELE: Na 1991, Tanganyika ilipotimiza miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama likamwandika shujaa. Miaka 19 baada ya kutoka gerezani.

MWANA: Nimalizie na bibi yangu, maana najua utaniambia muda umekwisha.

SELE: Umekwisha, lakini bibi hakatizwi.

MWANA: Novemba ile ya 2000 redio imetangaza msiba. Bibi yuko uani anakaanga maandazi. Hakusema neno, aliepua karai tu, na maandazi ya mwisho yakabaki mabichi katikati. Usiku nikamfuata chumbani. Nikamwambia, bibi, niimbie ule wimbo mliokuwa mkiimba na Titi. Akaniangalia. Nyumba nzima ni sisi tu, wajukuu na mpangaji mmoja fundi cherehani.

SELE: Akaimba?

MWANA: Aliniambia, "Funga mlango kwanza."