Geuza nguo kwanza, habari ya kutoa vinaili tutaongea baadaye

Haya jamani, asanteni. Mliosimama huko nyuma viti bado vipo huku mbele, njooni, maana baadaye nitataka muone mikono yangu inavyofanya.

Nimepewa dakika 40 niongelee namna ya kutoa chapa za vinaili bila kuharibu nguo, zile za plastiki za kubandika kwa pasi au kwa hiti presi, mashine ya kugandamiza kwa joto, pamoja na ile gundi inayobaki ikinata kama ulimbo. Vinaili inakatwaje sitaeleza, nusu yenu hapa mnabandika wenyewe. Mimi nina jambo moja, nimeshalisema kila nilipoitwa na leo nalisema tena kwa sababu bado naletewa nguo zilizoungua na kutoboka: geuza nguo. Kabla hujashika pasi, kabla hujafungua chupa yoyote ile, geuza nguo ndani nje.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Tisheti iliyobandikwa ina vitu vitatu vimelaliana. Chini kitambaa, juu plastiki yenye rangi mnayoiona, katikati gundi, na hiyo gundi ndo yenye kazi yote, plastiki yenyewe haijashika nguo hata kidogo. Ni gundi ya kuyeyuka kwa joto, ikipata kama nyuzi joto 150 kwa sekunde 10 mpaka 15 huku imegandamizwa inalainika, inazama kwenye nyuzinyuzi za kitambaa, halafu ikipoa inakauka ikiwa imezikumbatia. Sasa mtu akiona jina la zamani kwenye jezi macho yake yako mbele na mikono inafuata macho, basi anakwangua kwa kucha, anamwaga asetoni, kile kiyeyushi kilichomo kwenye dawa nyingi za kutoa rangi ya kucha, juu ya plastiki, anasugua na brashi mpaka jasho linamtoka, kumbe ile plastiki imetengenezwa makusudi isipitishe maji wala sabuni, kwa hiyo dawa inakaa juu yake, inaikunja, inaibabua rangi, rangi inachuruzika kwenye kitambaa, na gundi huko chini iko pale pale. Ukigeuza nguo, kati yako na gundi kimebaki kitambaa tu, na kitambaa kina matundu. Tone linapita. Joto linapita. Ndo sababu nasema geuza.

Ngoja niwape habari ya gauni moja, walionisikia zamani mtanivumilia. Mama mmoja aliniletea gauni la satini, la sherehe, mgongoni limebandikwa maandishi ya vinaili ya kumetameta. Sherehe ikapita, akataka alivae tena siku nyingine bila maandishi, jambo la kawaida kabisa. Alishasikia kwamba asetoni inatoa vinaili, na ni kweli inasaidia, sikatai. Akachukua dawa ya kutoa rangi ya kucha, akalowesha kipande cha pamba, akakibandika juu ya herufi ya kwanza, akaenda kupokea simu. Aliporudi akavuta pamba, na kitambaa kikaja nayo. Sikilizeni vizuri, hakikuchanika, kiliyeyuka! Kilikuwa kimelegea kama ute, kilipokauka kikawa kigumu kama plastiki iliyopitiwa na moto, tundu ukubwa wa kiganja changu hiki. Akaja kwangu machozi yanamlenga, anauliza dawa aliyouziwa ni feki au imezidi ukali.

Dawa haikuwa feki. Satini si jina la uzi, ni namna ya kufuma, kuna satini ya hariri, kuna ya poliesta, na kuna ya asetati, uzi unaotengenezwa kiwandani. Lake lilikuwa la asetati, na asetoni inayeyusha asetati kama maji yanavyoyeyusha chumvi, hakuna cha kubishana hapo. Nyuzi za triasetati na modakriliki, za kiwandani vilevile, nazo inaziharibu. Na kilichoniuma mimi ni kwamba lebo ilikuwepo, imeshonwa ubavuni kwa ndani, imeandika asetati kwa herufi zinazosomeka. Angegeuza nguo angeiona! Angegeuza nguo angeupata na upindo wa ndani pale ambapo hakuna mtu anapatazama, akadondosha tone moja, akasubiri dakika chache, akapangusa na kitambaa cheupe aone rangi inatoka au uzi unalegea. Dakika chache tu zingeokoa gauni, na mimi nilichoweza kumfanyia ilikuwa kumtafutia kipande cha kuziba tundu.

Najua kuna mtu anasema moyoni, mbona mimi nilimwaga asetoni kwenye tisheti yangu mara tatu na haikufanya kitu. Ni sawa ndugu yangu, yako ilikuwa ya pamba, pamba inavumilia asetoni, poliesta nayo kwa kawaida inavumilia. Lakini uvumilivu wa pamba yako hauniambii lolote kuhusu gauni la mwenzako, na hata hiyo pamba, uzi ukivumilia rangi inaweza isivumilie. Halafu hizi dawa za kucha zina rangi, manukato na mafuta ndani yake, unatoa doa moja unaweka jingine. Zilizoandikwa hazina asetoni nazo zina kiyeyushi kingine, zijaribu kwenye upindo vilevile.

Twende kwenye pasi, maana mimi siku zote naanza na joto, dawa zinakuja baadaye. Kwenye lebo kuna alama ya pasi yenye vidoti. Kidoti 1 ni mwisho nyuzi joto 110, vidoti 2 ni 150, vidoti 3 ni 200. Pasi iliyopigwa mkasi, yaani alama ya X, maana yake usipige pasi kabisa, haina tafsiri nyingine. Pamba mara nyingi inabeba vidoti 3, poliesta kati ya 1 na 2, na nguo ya kuvutika yenye spandeksi usiipelekee joto kubwa, itapoteza mvuto wake na haiurudishi tena. Poliesta ina shida yake, haisubiri kuungua ndo ikuonyeshe kwamba imeumia, inaanza kung'aa. Unainua pasi unakuta alama inang'aa yenye umbo la pasi, nyuzinyuzi zimelala bapa, na hiyo haifuliki.

Basi nguo imeshageuka, vinaili inaangalia chini, imelalia karatasi ya kuokea ili isigandane na meza. Pasi haina mvuke. Unaweka kitambaa chembamba cha pamba juu, unabonyeza sekunde 5 hadi 10 kwenye eneo dogo, herufi moja au mbili, sio mgongo mzima kwa pamoja, maana ukimaliza kupasha mgongo mzima herufi ya kwanza imeshapoa. Unageuza haraka, unatafuta ncha kwa kibano, na hapa ndo watu wanaharibu, wanavuta kwenda juu. Usivute kwenda juu! Ikunje ile plastiki ilalie mgongo wake yenyewe, uivute kwa kuiburuza sambamba na kitambaa, taratibu, huku kidole cha mkono mwingine kimebana kitambaa karibu kabisa na pale inapobanduka. Ukivuta juu kitambaa cha kufumwa kwa vitanzi, yaani tisheti na jezi zote, kinafuata, kinatunuka, unabaki na uvimbe kifuani ambao hauna dawa. Ikianza kukaza usipambane nayo, ishapoa hiyo, ipashe tena. Ukivuta kwa nguvu ikiwa imepoa plastiki inatoka na gundi yote inabaki, ndo mnaniletea mnasema vinaili imetoka ila nguo inanata. Imetoka nini sasa, umetoa rangi tu.

Wasio na pasi draya ya nywele inafanya kazi, inachelewa lakini inasamehe. Na yule anayeniambiaga habari ya kuweka nguo kwenye friza, ndio, baridi inafanya gundi kuwa ngumu na yenye kuvunjika, kwa donge la gundi lililokaa juu inasaidia, unalikwangua kwa kitu kisicho na makali. Kwa gundi iliyozama ndani haisaidii.

Kama ukipasha ukasikia harufu kali ya plastiki inayoungua, ondoa pasi fungua madirisha. Baadhi ya vinaili ni plastiki ya aina ya PVC, na PVC ikizidishiwa joto inatoa gesi ya haidrojeni kloraidi, hiyo inachoma koo na mapafu.

Sasa dawa. Naomba muache stori kidogo hapo nyuma maana hapa naongelea roho za watu. Kuna watu wanatumia petroli. Wengine wanaweka petroli kwenye beseni, ndani ya chumba, wanaloweka jezi kumi kwa mpigo, na jiko liko upande wa pili wa ukuta. Usitumie petroli kwenye nguo, kwa kiasi chochote, ndani wala nje. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka unatambaa sakafuni, unaenda kukutana na moto mbali na pale ulipokaa wewe, halafu moto unarudi kwa njia hiyo hiyo mpaka kwenye beseni. Na ina benzini ndani yake, ambayo inasababisha kansa, na wewe umeichovyea mikono mitupu. Mtu ataniambia asetoni nayo inawaka. Inawaka sana, mvuke wake unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi hasi 15, ndo maana hata hiyo naitumia kwa matone, nje au madirisha yakiwa wazi, glavu mkononi, bila sigara, bila mshumaa, na PASI IMECHOMOLEWA. Huwezi kupasha, ukadondosha, ukapasha tena juu ya unyevu wa dawa. Ukimaliza joto weka pasi mbali, na ukishaingia kwenye dawa usirudi kwenye joto mpaka nguo imefuliwa na kukauka. Vivyo hivyo na spiriti ya isopropili, alkoholi ya kusafishia.

Na usichanganye dawa hizi na blichi eti ili nguo itoke nyeupe. Asetoni na blichi zikikutana zinatengeneza klorofomu, ambayo mvuke wake ni sumu. Spiriti na blichi nazo zinatoa vitu vibaya vya kuvuta. Blichi yenyewe hata haiondoi gundi, kwa hiyo unahatarisha mapafu yako bure.

Utaratibu wa dawa ni ule ule, nguo imegeuzwa, vinaili inaangalia chini juu ya kitambaa cheupe kikavu, unadondosha kwa nyuma mpaka eneo lilowe, dakika 2 au 3, unageuza unabandua. Naanza na spiriti, ikishindwa kabisa ndo asetoni kama lebo inaruhusu. Zipo na dawa maalum za kutolea vinaili, nazo ni viyeyushi vilevile, soma chupa.

Naona naonyeshwa saa. Jamani mbona dakika zangu zinaisha haraka hivi. Basi gundi iliyobaki nitaipitia mbio. Karatasi ya kaki juu ya gundi, pasi ya joto la lebo sekunde chache, inua ikiwa bado moto, gundi inahamia kwenye karatasi, badilisha karatasi rudia mpaka karatasi itoke safi, na hii unaifanya kabla ya dawa yoyote, nimeshawaambia. Mabaki ya mwisho spiriti kwenye pamba, unagonga gonga kutoka pembeni kwenda katikati, husugui. Mafuta ya kupikia yanalegeza gundi, wanaosema hivyo hawadanganyi, ila lazima uyatoe yote kwa sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu, na usitupie nguo yenye mafuta kwenye mashine ya kukaushia, mabaki ya mafuta ya mimea yanaweza kujipasha yenyewe mpaka yawake. Anika kwenye hewa. Hata isiyo na mafuta, kama gundi haijaisha usiikaushe kwa joto, itazama tena.

Sio kila chapa ni vinaili. Pitisha ukucha ukingoni, kama kuna ngazi na ncha inainuka, ni ya kubandika, endelea. Kama ni wino mzito uliokaa ndani ya kitambaa na unapasuka pasuka, hiyo ni printi ya skrini, haibanduki kipande kizima. Kama ukipapasa husikii kitu kabisa na nguo ni poliesta, rangi imeingia ndani ya uzi kwa mvuke, hiyo haitoki, usiitese nguo. Majaketi ya mvua nilitaka kuyaongelea peke yake lakini muda haupo, yana utando kwa ndani, msiyapige pasi wala asetoni mpaka tuonane tena.

Swali moja tu nimeruhusiwa. Ndio dada, wewe mwenye jezi mkononi. Anauliza vinaili imeshatoka, gundi imeisha, ila jina bado linasomeka kama kivuli, asugue na nini. Dada yangu usisugue. Hicho si kitu kilichobaki, ni nguo yako ilivyokuwa siku ya kwanza. Jua na kufua vimepausha nguo nzima isipokuwa pale palipofunikwa. Ukisugua utapandisha manyoya ya uzi halafu jina litasomeka zaidi. Bandika kitu kingine juu, au kama ni pamba itie rangi nzima, rangi nyeusi nyeusi inaficha zaidi, au ivae vivyo hivyo ipauke taratibu.

Lakini naona ubavuni bado kuna namba haijatolewa. Lete hapa mezani tuitoe sasa hivi, na wengine sogeeni. Haya, tunageuza. Lebo hii hapa, poliesta asilimia 100, kidoti 1. Shusha pasi mpaka chini kabisa, tutapasha mara nyingi nyingi hii. Nani ana kibano?