Misuli mingi, nyama ngumu: jeni za kondoo na kile ambacho mizani haioni

Haya jamani, tuingie kwa kondoo sasa. Mwaka 1983 huko Oklahoma, Marekani, alizaliwa dume mmoja wa aina ya kondoo wanaoitwa Dorset, akapewa jina Solid Gold, baadae ikaonekana baadhi ya watoto wake wana makalio na mapaja yaliyojaa ajabu, yaani kondoo kama mnyanyua vyuma. Wanazaliwa kawaida tu, halafu kama wiki ya tatu hivi nyuma kunaanza kufura, mnofu wa mgongoni unazidi wa wenzao karibu theluthi, mafuta kidogo, na chakula hawali sana. Nani asingemtaka?

Sasa urithi wake ndo kichekesho. Mtoto akiipata hiyo jeni ya kujaza misuli kwa baba tu, anajaa. Akiipata kwa mama tu, hana kitu. Akiipata kwa wote wawili, ambapo ungesema huyu ndo atakuwa baunsa kabisa, anatoka wa kawaida! Watu waliumiza vichwa miaka, mpaka 2002 ikajulikana ni herufi moja tu ya DNA imebadilika, A imekuwa G, kwenye kromosomu ya 18, tena sehemu ambayo haitengenezi protini yoyote.

Biashara je? Ilikwama mdomoni. Ile nyama ya mgongo ni ngumu balaa, kwa sababu misuli yao imejaa kalpastatini, ambayo inazuia vile vimeng'enya vinavyolainisha nyama baada ya kuchinja, kwa hiyo hata ukiitundika kwenye baridi siku nyingi inabaki vilevile. Mi naona hili lilikuwa somo zuri kuliko jeni yenyewe, maana watu walikuwa wanapima kilo tu.

Kondoo wa aina ya Texel, wale asili yao Uholanzi, wana njia nyingine. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba wao wamebadilika herufi moja kwenye jeni ya mayostatini, ile breki ya misuli, mwili unaitengeneza kidogo, misuli inaongezeka, na hawana ule ugumu.

Ila msidhani kila kitu ni jeni moja. Uzito na kasi ya kukua ni jeni nyingi sana, kila moja inasukuma kidogo, ndo maana siku hizi wanasoma maelfu ya alama za DNA kwa mpigo. Na hapo ndo naona faida kubwa, sio kwenye uzito, uzito una mizani, unene wa mnofu una ultrasaundi, lakini ulaini utaupimaje kwa dume aliye hai? Ukimchinja umejua nyama yake, ila mbegu ndo imeisha hivyo. Kwa hiyo wanachinja ndugu zake, wanapima nyama yao, wanalinganisha DNA, halafu yeye anakadiriwa akiwa bado zizini na majike yake.